Mgeni Asiyegusa Chakula

Miaka kumi na minne nimefundisha kwaya ya watoto kanisani bila chombo chochote. Chombo changu ni mkono huu: nikiuweka tumboni, wanaimba chini; kifuani, wanapanda; nikiufikisha kwenye paji la uso, hata popo wa darini wanahama. Na kabla ya kuimba, kitendawili. Anayeshindwa ananipa mji, kisha anatuimbia ubeti mzima peke yake. Ndiyo sheria yetu.

Basi mchungaji akatuletea binti mmoja na kinanda chake cha umeme. Watoto hawakuuliza hata jina, wakamwita Dada Kinanda. Siku hiyo nikasema, "Kitendawili!" Wakaitikia watatu tu. Wengine walikuwa wamemganda yule binti kama nzi kwenye kidonda. "Dada, nibonyeze? Dada, na mimi?" Hata Chiriku, mjukuu wangu niliyemlea mwenyewe, mwimbaji wangu wa kutegemewa, alikuwa amekaa mapajani kwake!

"Bibi," akaniambia tukirudi nyumbani, "Dada Kinanda anasema nina sauti nzuri sana."

"Mimi nilishasema zamani."

"Wewe ni bibi yangu. Lazima useme."

Chakula cha jioni kilinipita kooni kama mchanga.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zoezi la mwisho. Kesho yake Chiriku angeimba peke yake mbele ya kanisa zima. Utaratibu ulikuwa mpya: kinanda kitoe sauti kwanza, ndipo watoto waanze. Dada Kinanda akainama kuchomeka waya. Nami, mtu mzima na mvi zangu, nikauinua mkono mpaka kwenye paji, nikaanzisha wimbo juu, juu kabisa. Nilitaka kinanda kibaki nyuma kikitapatapa.

Watoto wameuzoea mkono wangu, wakanifuata. Chiriku akafika kwenye ubeti wake, akapanda, akapanda, sauti ikakatika kama uzi mbovu.

"Jogoo!" wenzake wakaangua kicheko. "Jogoo mwenye mafua!"

Akakimbilia nyuma ya kabati la vitabu vya nyimbo. "Kesho siimbi!"

"Nyamazeni," akasema Dada Kinanda. "Kosa ni langu, nilichelewa kuwapa sauti." Akanigeukia kwa adabu. "Nisamehe, Bibi."

Heri angenitukana.

Nikakaa kwenye benchi. "Kitendawili."

Safari hii wote: "Tega!"

"Nina mgeni nyumbani. Hagusi chakula, anamla mwenye nyumba."

"Mchwa!"

"Kupe!"

"Shemeji!"

"Nipeni mji."

"Tumekupa, Bibi!"

"Nilikwenda mjini kwenu, kila mtu akanikimbia, nikabaki na mgeni wangu. Anaitwa wivu. Nimemfuga wiki nzima. Leo yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, wala si kosa la Dada Kinanda."

Chiriku akauliza kutoka nyuma ya kabati: "Bibi, ulifanya makusudi?"

"Makusudi, mama. Nisamehe."

Akafikiri kwanza. "Basi leo umeshindwa wewe, umeshindwa na mgeni wako. Sheria ni sheria. Imba ubeti mzima."

Nikamtazama Dada Kinanda. "Nipe sauti, mwanangu."

Akabonyeza. Ikatoka pale pale kifuani, ambapo ningeuweka mkono wangu. Roho iliniuma kidogo, sitawadanganya. Nikaimba. Kabla sijafika katikati, sauti ndogo ikaingia kutoka nyuma ya kabati, safi kabisa.

Sijui ilikuwa inanifuata mimi au inafuata kinanda. Sikuuliza.