Njia ya Kuazima Kutoka Mgeta

Judith alifika kituoni Kihonda saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Basi la kwanza lilipita limejaa. La pili lilisimama mbele kabisa ya kituo, likamshusha mtu mmoja, likaondoka kabla waliokuwa wakilikimbilia hawajalifikia. La tatu halikuja. Kibao cha mradi wa mabasi ya haraka, kilichosimikwa hapo mwaka juzi, kilisema basi lingepita kila baada ya dakika saba. Hakikusema kuanzia lini.

Judith alikuwa mfuaji wa mashuka katika hospitali moja mjini. Kazi ilianza saa moja kamili. Alishapewa barua mbili za onyo kwa kuchelewa, na ya tatu ingekuwa ya kumwachisha kazi. Alikuwa na watoto watatu, na mume asiyestahili kutajwa.

Siku hiyo alifika saa moja na dakika nne. Msimamizi alikuwa chooni, Judith akaponea hapo. Jioni alimpigia simu mama yake, Yustina, mkulima wa kabichi na viazi huko Mgeta.

"Hilo basi lenu linatoka Ulaya?" Yustina aliuliza.

"Linatoka mtaa wa pili, mama."

"Basi ningoje."

Alhamisi Yustina alishuka na lori la mboga, ana gunia kichwani. Ndani ya gunia kulikuwa na njia ya miguu, ile inayotoka mashambani kwao hadi barabara ya malori. Alikuwa ameikunja kama mkeka. Majirani walikaa kikao wakakubali kumwazima mpaka viazi vikomae. Kwa muda huo wao wangezunguka upande wa misheni. Kule kwao hakuna anayechukua kitu cha wote bila kuomba, wala anayekaa nacho kupita siku aliyoitaja.

Aliikunjua nyuma ya kituo. Ncha ya pili ikatokea karibu na kamba za kuanikia mashuka hospitalini. Ilikuwa njia ya mlimani, kwa hiyo ilipanda na kushuka, ikawa na mawe, ukungu na baridi. Lakini ilichukua dakika ishirini, kila siku, na haikujaa. Judith akawa anafika kabla mlango haujafunguliwa. Wiki ya pili kituo kizima kilipita humo: wauguzi, mafundi, wanafunzi. Walilalamikia matope tu. Masweta ya mtumba yaliisha Kihonda.

Mwezi uliofuata alikuja Wilfred, afisa mipango wa mradi, amevaa kizibao cha kung'aa, kuhesabu abiria. Alikaa kituoni siku tatu chini ya mwavuli. Watu walipita nyuma yake, wakamsalimia, wakaingia kwenye ukungu. Fomu yake ilimtaka ahesabu waliosimama kituoni. Kituoni hakukuwa na mtu.

Siku ya tatu alimfuata Yustina, aliyekuwa amekaa nyuma ya kituo akiilinda njia.

"Shikamoo mama. Njia hii mbona haimo kwenye ramani?"

"Marahaba. Ni ya kuazima, baba. Viazi vikikomaa narudi nayo."

"Si ungeiacha kwa muda wa mradi? Miaka mitano tu."

"Na wenzangu washushe magunia ya viazi kwa kamba? Nyie mna lami, mna mabasi, mna ofisi yenye kiyoyozi. Sisi tuna njia moja."

Wilfred alicheka kwa adabu, akaandika kwamba wakazi wameridhika.

Ripoti ilisema barabara ya Kihonda haina abiria. Ilijadiliwa kwenye semina hotelini, chai mara mbili na chakula cha mchana, na washiriki wakaipongeza. Mabasi mapya yaliyopangiwa Kihonda yakapelekwa kwingine, na mawili kati ya matatu yaliyokuwepo yakayafuata. Kurasa zote tisini za ripoti zilikuwa sahihi. Hakuna aliyedanganya hata kwenye mstari mmoja.

Viazi vikakomaa. Judith alimwomba mama yake wiki mbili zaidi.

"Nilitaja siku," Yustina alisema.

"Watanifukuza, mama."

"Najua. Lakini atakayekufukuza ana ofisi, na aliyeondoa basi ana ofisi. Wote hao hujawagongea mlango, umekuja kunililia mimi mwenye gunia."

Aliwasubiri wanafunzi wawili waliobaki njiani watoke, akaikung'uta matope, akaikunja. Mchana alipanda nayo lori.

Jumatatu Judith alisimama kituoni kuanzia saa kumi na moja na nusu. Alifika hospitalini saa mbili kasoro dakika tano. Barua ilikuwa imeshachapwa. Walikuwa wakisubiri kujaza tarehe.

Kesho yake, na siku zilizofuata, alikwenda kituoni kama kawaida, kwa sababu vibarua vyote viko mjini. Watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Wiki ya tatu, baada ya malalamiko, Wilfred alirudi na kizibao chake, akaanza kupita mtu kwa mtu.

"Dada, unasafiri kwenda wapi?"

"Mjini."

"Kazini?"

"Sina kazi. Nimefukuzwa kwa kukosa basi."

Wilfred aligeuza fomu, akatazama upande wa pili, akairudisha. Ilikuwa na nafasi ya kazini, ya shuleni na ya hospitalini kutibiwa.

"Basi wewe siyo abiria," alisema bila ubaya. "Sogea kidogo nimhesabu aliye nyuma yako."

Judith alisogea. Aliyekuwa nyuma yake alikuwa amefukuzwa Jumanne.