Chozi la Mtakatifu Apolonia

Mwanamke yule hakubisha hodi. Aliingia karakana kichwa kimefungwa kitambaa toka kidevuni hadi utosini, shavu moja limeumuka kama unga uliolala na hamira, akamkuta fundi mchoraji Gaspare Venturoli amepiga magoti juu ya meza, kifua wazi, macho juu, akijitazama kiooni.

"Samahani. Unasali?"

"Nauawa," Gaspare akajibu kwa hadhi, akitafuta shati. "Mimi ni Stefano. Mawe yanatokea kushoto."

Bologna nzima ilimjua kwa picha zake za wafiadini, na wafiadini wote walikuwa na sura yake, kwa kuwa kioo hakichoki wala hakiombi kupumzika. Laurenti juu ya makaa, Sebastiani kwenye mishale, hata watakatifu wa kike: wote walikuwa na mashavu ya mtu aliyeshiba soseji, wakitazama mbinguni kana kwamba wanasubiri kuletewa matunda. Gaspare aliuita huo utulivu wa imani. Moyoni aliamini kwamba siku yake ikifika, naye atakwenda vivyo hivyo.

"Natoka kumwomba Apolonia wako, yule uliyemchora ukutani kanisani," mwanamke akasema. Aliitwa Dorotea, na alifanya kazi kwenye kinu cha hariri. "Anang'olewa meno yote, anatabasamu. Mimi jino moja tu, nalia kama mtoto. Nimeondoka naona haya, fundi. Huyu mama hawezi kunielewa. Mwekee chozi, hata moja."

Gaspare alitaka kurudi kwenye mawe yake. "Haya, mama. Kabla ya sikukuu yake litakuwepo."

"Umeahidi?"

"Nimeahidi, nenda kapumzike."

Akasahau kabla mlango haujafungwa.

Jino lake mwenyewe ndilo lililomkumbusha. Lilimtesa hadi akajipeleka uwanjani kwa mng'oa meno, ambaye huweka mpiga ngoma pembeni ili vilio visifukuze wateja. Gaspare alikaa, akainua macho mbinguni, akaupanga uso kama alivyozoea. Koleo lilimgusa tu, halijavuta. Sauti iliyomtoka iliishinda ngoma. Alimwita mama yake, akamng'ata mng'oa meno kidole, kisha akamtukana Apolonia.

"Fundi!" muuza samaki akapaza. "Tabasamu kidogo basi, tukuchore!"

Uwanja mzima ukacheka. Nyumbani alijitazama kiooni: pua inachuruzika, macho mekundu, mdomo umepinda. Miaka yote ile kioo kilikuwa hapo, na leo ndiyo kwanza kinamwonesha mtu anayeumia.

Akaenda kwa Padre Ercolano wa kanisa lile kuomba ngazi, amwekee Apolonia chozi.

"Chozi?" padre akashangaa. "Mfiadini halii, mwanangu. Watu watasema imani haikumsaidia."

"Baba, kama hakuumia, alivumilia nini?"

"Usinihubirie. Ule ukuta wa altare kuu nilikuwa nakupa wewe. Ukiweka chozi hilo, nampa yule mchoraji wa Modena. Ngazi ile pale. Chagua."

Ukuta wa altare kuu! Stefano, mawe, mbingu zimefunguka. Gaspare alikuwa ameuota tangu ujana wake. Tena yule wa Modena, asiyejua hata kuchora mkono! Aliwaza kujiita mfiadini wa sanaa, kisha akajicheka. Mfiadini gani huyu, anayepiga kelele koleo halijavuta?

Lakini alikumbuka lile shavu lililovimba, na haya ya mtu aliyedhani analia peke yake.

Siku moja kabla ya sikukuu, mchana, alipanda ngazi. Chini padre alikunja mikono. Dorotea alisimama karibu na nguzo, kitambaa bado kichwani. Gaspare akaupinda kidogo mdomo wa Apolonia, akachovya brashi iliyo nyembamba kuliko zote. Kioo alikiacha nyumbani. Ukuta aliokuwa anaupoteza ulikuwa umekwisha kumliza, kwa hiyo alijua hasa chozi husimama wapi kabla ya kudondoka.

Akaliweka hapo.