Stika ya Emelyne

Picha ilipigwa kwenye mahafali ya kidato cha nne, Emelyne akiwa ameachama anaimba. Aliyeipiga ni Zuhra, mwanafunzi mwenzake, binti wa mwenye duka la vitenge sokoni Mpanda, kwa simu aliyoificha ndani ya sweta. Kufikia jioni ilishageuzwa stika: kichwa kitupu kimekatwa shingoni, mdomo wazi, na chini yake maandishi mekundu, MKIMBIZI RUDI KWENU.

Kwao ni wapi tena, jamani? Emelyne kazaliwa Katumba, makazi ya waliokimbia Burundi zamani, mama yake Gaudiose ni raia, na mahindi wanayolima Misunkumilo yanaliwa na hao hao wanaomfukuza. Lakini nenda kawaeleze hayo watoto wenye bando! Stika ikamwagwa kwenye grupu la darasa. Mtu akisalimia, anajibiwa kwa kichwa cha Emelyne. Kisha Zuhra akaanzisha kura: Emelyne apelekwe wapi? Bujumbura, kwa simba wa Katavi, au popote. Kura za grupu hazina siri. Emelyne alibonyeza kuwaona waliopiga, akamkuta Raya, anayekaa naye dawati moja, kwenye simba. Alilia kuliko alivyolia kwa ile stika yenyewe.

Alijitoa kwenye grupu, wakamrudisha wakicheka. Na simu haikuwa yake, ilikuwa ya mama. Gaudiose hakujua herufi hata moja, ila simu aliimudu: watu aliwatambua kwa picha zao, akaongea nao kwa ujumbe wa sauti, na stika alizipenda kupita kiasi. Alikuwa amehamia mjini kwa ajili ya shule ya binti yake tu, na hachoki kuwatambia wanakwaya jinsi mwanawe anavyopendwa na wenzake. Emelyne hakuogopa kufokewa. Aliogopa mama yake ajue ukweli, roho imuume. Kwa hiyo kila akimrudishia simu, alihakikisha amefuta kila kitu.

Jumamosi alikwenda kusaga, simu akaiacha kwa mama, umeme ukakatika, akakwama mashineni hadi alasiri. Aliporudi na ndoo ya unga kichwani, mama alikuwa mlangoni, uso umemchangamka.

"Weee Emelyne! Kumbe umekuwa staa, na mama yako humwambii!" Akamwonyesha simu. "Wenzako wamekutengenezea picha. Nimeituma kwenye grupu la kwaya, nimewatumia na ndugu wa Katumba. Hapa chini wamekuandika nini? Hebu nisomee."

Emelyne alitua ndoo polepole.

"Wameandika... Emelyne, sauti nzuri kuliko zote."

"Eeeh!" Gaudiose akapiga makofi. "Tena kwa rangi nyekundu!"

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa mjomba Jean Bosco, kutoka Katumba.

"Mama, nipe kwanza nikuangalizie chaji."

"Chaji ipo," alisema mama, akabonyeza.

"Dada, hii kitu umeituma ya nini?" Mjomba alikuwa amekasirika. "Nani amemwandikia mtoto eti mkimbizi rudi kwenu? Ifute haraka, watu wanasoma!"

Gaudiose akaurudia ujumbe tangu mwanzo. Kisha akamtazama binti yake, akaitazama na ile picha.

"Ndiyo wameandika hivyo?"

Emelyne alishindwa kudanganya mara ya pili. Akaitikia kwa kichwa.

"Na ulikuwa unajua."

"Nisamehe, mama."

"Wewe umekosa nini?" Mama akamsogezea simu. "Nionyeshe pa kufutia."

Emelyne alimshika kidole, akamwelekeza. Ya Katumba ikafutika. Wakafungua kwaya, ya mama ikafutika. Lakini wanakwaya wengi walikuwa kama Gaudiose, hawasomi, na furaha ya mwenzao walishaipokea kwa moyo mmoja. Kila mmoja alikuwa amempongeza kwa kumrudishia stika ile ile. Kichwa cha Emelyne kilijipanga toka juu hadi chini, na maneno yake mekundu.

Gaudiose akabonyeza kimoja. Akabonyeza tena kwa nguvu.

"Hii mbona haifutiki kwa wote?"

"Hiyo siyo yako, mama. Hiyo ametuma dada Vénérande."

"Na hii?"

"Ya mke wa mchungaji."

Mama akateremka kwenye inayofuata, akabonyeza.