Vipimo vya Kitanda Namba Nne

"Wifi, ukizimia mle ndani mimi sikubebi. Mgongo wangu una mambo yake."

Ndivyo alivyonitia moyo dada wa marehemu mume wangu tulipofika mlangoni pa wodi ya wagonjwa mahututi. Daktari alikuwa ameniita, miezi mitano baada ya kutoka, aone ninaendeleaje.

"Sizimii," nikamjibu. "Nilishazimia siku kumi na tisa, zinatosha."

Daktari alinisikiliza kifua, akanitembeza kwenda na kurudi, akaridhika. Kisha akauliza kama kuna jambo linalonisumbua. Nikasema hakuna. Wifi hakunyamaza.

"Daktari, huyu ni fundi cherehani na hataki kushika futi! Wateja anawaambia walete nguo za zamani achukulie vipimo. Juzi bwana mmoja kaleta suruali aliyovaa siku ya kuoa. Kashonewa hivyo hivyo, sasa hawezi kukaa."

Ilikuwa kweli. Nikiona ile kamba ya kupimia, naisukumia ndani ya droo. Katika siku zile kumi na tisa nakumbuka jambo moja tu: futi ya baridi ikipita kutoka begani hadi miguuni, na mtu akitaja inchi polepole. Niliamini napimwa sanda. Nilipozinduka nikaambiwa mume wangu, fundi mwenzangu, alianguka dukani kwetu siku tatu kabla, na wameshamzika. Nikaona basi, sanda ilikuwa yangu, ikaenda kwake. Sikuwahi kumwambia mtu. Siku hiyo nilimwambia daktari, macho yangu yakiwa sakafuni.

Muuguzi aliyekuwa akitandika kitanda cha jirani akageuka. "Mama wa namba nne! Ile futi ilikuwa ya mumeo."

Nikamtazama.

"Alikuja nayo mfukoni. Nikamgombeza: baba, hapa si dukani, mgonjwa ana mipira mwili mzima! Akasema, 'Sista, mke wangu hatoki hapa na shuka la hospitali. Namshonea gauni refu.' Na mikono iwe mirefu, eti ifunike alama za sindano."

"Akaacha?" wifi akauliza.

"Aache wapi! Mwisho nikamshikia ncha ya pili."

Wifi alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha daktari. "Kaka yangu huyo!" Kisha akabaki anajipangusa macho, hata kicheko kilipokwisha.

Mimi nilikuwa nawaza meza yetu ya kukatia. Niliporudi dukani nilikuta chini ya gazeti gauni la bluu ambalo halijamalizika, jembamba, mikono yake mirefu bado haijaungwa. Nilidhani ni la binti fulani wa shule. Nikalikunja, nikamsubiri mwenyewe. Miezi mitano namsubiri.

Tulikwenda dukani moja kwa moja. Nikalitandaza gauni, nikafungua droo, nikatoa futi yake, ile iliyofutika namba za mwanzo.

"Shika hapa," nikamwambia wifi.

Akanizungushia kiunoni. "Eh! Umenenepa, wifi. Hili gauni litakuingia mkono mmoja."

"Si mlinilisha wenyewe?"

Nikaligeuza nje ndani nione kama kuna pa kuongezea. Sikutarajia kitu. Mume wangu alikuwa bahili wa kitambaa; kwenye mshono aliacha nusu inchi tu, na tuligombana kwa hilo miaka yote ya ndoa. Mteja akinenepa, alikuwa akisema, atashona nyingine.

Hapa alikuwa ameacha inchi mbili na nusu, kila upande.

Wifi akainama, akaangalia, akanyanyua kichwa. "Kaka yangu kaacha kitambaa chote hiki? Basi alikuwa anaumwa kweli, na hakutuambia."

Nikacheka. Nikapima mara ya pili, nihakikishe. Kisha nikavuta kiti, nikachukua wembe, nikaanza kufumua.