Kazi Yote Imehamia Kinshasa

Mtawa aliyekuja Jumatatu kutoka upande wa Minova hakukaa hata dakika kumi. Gari lilikuwa likimngoja nje, kwa hiyo alisema akiwa amesimama, na Mama Émérance akaandika upesi kwenye mashine yake: Umuhire, msichana, miaka sita, anaishi kwa familia ya mwalimu, kijiji fulani, namba ya simu fulani. Akahifadhi, akashusha pumzi.

Miaka miwili alikuwa akimtafuta mtoto huyo, aliyepotezana na mama yake watu walipokimbia vita. Mama mwenyewe, Nyiramahirwe, alikuwa akija ofisini kila Alhamisi kwa miguu kutoka Kibati. Aliketi kwenye benchi, akauliza, akaambiwa bado, akashukuru, akaondoka. Hakuwa na simu. Alhamisi hii angesikia neno jingine, na Émérance alikwisha kuanza kulifanyia mazoezi moyoni.

Nusu saa baadaye akaingia Jephté, fundi wa kompyuta, nyaya zikimning'inia shingoni. Akapiga magoti, akachomoa ile mashine kubwa ya chini ya meza.

"Unaipeleka wapi?" Émérance aliuliza.

"Mu dépôt, mama. Ilishamaliza kazi. Tangu leo bureau yenu yote iko mu serveur, mashini kubwa ya kule Kinshasa. Hapa munabakia na écran na haka kaboîte."

Kaboîte kenyewe kalikuwa kisanduku cheusi, kidogo kama mche wa sabuni.

"Na byenye niliandikaka?"

"Byote biko kule. Ona."

Kweli, kioo kilipowaka, kila kitu kilikuwa mahali pake: orodha ya majina, barua, hata picha ya wajukuu. Kisha Jephté akamwita kwenye meza ya jirani, akamwambia aandike neno lake la siri pale. Wajukuu wale wale wakatokea, wakicheka vile vile. Émérance aliitazama meza yake, akaitazama hii.

"Sasa miye niko hapa ao niko pale?"

"Uko fasi yote, mama. Sawa Mungu!"

Mzaha huo haukumpendeza hata kidogo. Alirudi kwenye kiti chake akiwa amevurugika, na kwa kuwa orodha aliiona ipo, hakuifungua kuichungulia mpaka mwisho.

Lazima niwaambie jambo moja kuhusu ofisi za Goma: kila moja ina desturi yake ya kukimbia. Katika shirika hili dogo la kutafuta watoto, dereva alijua atachukua nini, mhasibu alijua, na Émérance alijua. Yeye angechukua mashine ya chini ya meza. Mlima ulipotapika moto mara iliyopita, aliibeba mgongoni kwa kitenge mpaka Sake, watu wakamcheka njia nzima, na majina mia nne ya watoto yakapona. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kumcheka.

Jumatano ardhi ikaanza kutetemeka tena. Ukuta wa ofisi ukapasuka kutoka dirishani hadi sakafuni, redio ikasema watu waondoke, na mji mzima ukamiminika barabarani. Émérance akachomoa kile kisanduku, akakifunga mgongoni kwa kitenge, akashika njia. Wepesi wake ulimtia wasiwasi. Lakini simu za siku hizi nazo ni nyepesi, akajiambia, na zinameza maneno kuliko kabati la mkurugenzi. Alipita Mugunga jua likiwa kali, mkono mmoja nyuma, akikishikilia.

Usiku alilala Sake, darasani, kati ya watu wasiohesabika. Asubuhi ya Alhamisi alipofungua macho, Nyiramahirwe alikuwa amesimama mbele yake, miguu imejaa vumbi mpaka magotini.

"Mama Émérance, leo ni siku ya ine," alisema kwa haya, kama mtu anayeomba radhi. "Njo maana nimekutafuta."

Émérance aliruka akasimama. Yale maneno aliyoyafanyia mazoezi yakampotea yote.

"Mutoto wako iko! Alionekana! Adresi na simu, byote biko humu."

Nyiramahirwe hakupiga kelele. Alikiwekea kisanduku kiganja, taratibu, akakiacha hapo.

Jephté naye alikuwa Sake. Walimkuta kwenye jenereta ya sokoni, akichaji simu. Alipoona kitenge kinafunguliwa alifikiri ni mtoto mchanga. Kisha akaona, akashika kichwa.

"Mama, haka hakana kitu ndani. Haka ni sawa dirisha tu. Kazi iko Kinshasa."

"Nimebeba dirisha toka Goma?"

Jephté alichomoa simu kwenye chaja. Alianza kuitafuta Kinshasa kwenye simu yake mwenyewe, mtandao ukija na kukatika, mpaka ofisi ya Émérance ikafunguka kwenye kioo cha upana wa vidole vinne. Émérance hakuelewa ofisi imepitaje humo, lakini alifuata majina kwa kidole mpaka kwenye U. Umuhire. Mbele ya jina: bado haijulikani.

"Uliandika lini?" aliuliza Jephté.

"Siku ya kwanza, asubui, mbele uingie."

"Miye nilikopia byote siku ya posho. Nilituma ujumbe mu mashini ya kila mutu: musiandike tena kitu."

Émérance aliukumbuka ujumbe huo wa Jumamosi. Aliuona, ukawa mrefu, akauacha. Sasa neno alilolihitaji lilikuwa kwenye mashine ya zamani, ndani ya dépôt, stoo ya ofisi, katika mji usioingilika. Alijichukia. Akamchukia na Jephté kidogo, na Kinshasa nzima.

Nyiramahirwe alikuwa akiwatazama kwa zamu, asielewe ugomvi ni wa nini.

"Lakini si uliandika na mikono yako?" alisema. "Haukumbuke?"

Swali hilo lilimwaibisha Émérance. Miaka kumi na minne majina yalipita kwenye vidole vyake bila kupita kichwani. Akafumba macho. Mtawa amesimama. Gari linapiga honi. Mwalimu... Bweremana? Au Minova? Mtawa alicheka akataja nyumba ya mwalimu, bati jipya upande mmoja tu, pesa zilimwishia.

"Bweremana ao Minova," alisema mwishowe. "Sijue. Ni njia moja. Tuende."

Walitembea siku mbili kando ya ziwa. Bweremana walichungulia mapaa mpaka jioni, bure. Minova, nyuma ya shule, waliliona: upande mmoja kutu, upande mmoja unang'aa. Mke wa mwalimu aliwasikiliza mlangoni, akaingia ndani, akatoka na msichana aliyemshika mkono.

 Mtoto alimtazama Nyiramahirwe, akamtazama Émérance, akarudi kwake, akarudi tena kwa Émérance. Alipopotea alikuwa na miaka minne.

"Mama ni yupi?" aliuliza.

Émérance akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, ili mtoto asikosee.