Mayai Aliyoyatoa Chini ya Kuku

Libérata aliolewa kwenye kilima kimoja juu ya Mushaki akiwa na kuku wawili, zawadi ya mama yake. Baada ya miaka mitano kuku walikuwa wanne, lakini katika nyumba ile hapakuwa na mtu aliyewahi kuonja yai. Mayai yalikuwa ya kuangua, au ya kubadilisha na chumvi kando ya barabara ya Sake, au ya kupelekewa wazungu walipopita. Mwanamke akila yai, walisema wakubwa, anakula watoto wake ambao bado hawajazaliwa. Mtoto akila yai, ulimi wake unafungwa, na hasemi tena mpaka kaburini. Libérata hakuwa na sababu ya kubisha. Nani angejaribu ili aone?

Mwaka wa 1952 mvua iliozesha maharage mashambani, na ng'ombe pekee wa nyumba akakauka maziwa. Watu wakaishi kwa viazi vitamu na uji mwepesi wa mtama. Mumewe, Makuza, alikuwa amechukuliwa kwenda kulima barabara upande wa Walikale, huko Itebero, ambako mtu hutembea siku nyingi msituni kabla hajafika. Libérata akabaki na mama mkwe wake, Nyirakamana, na binti yake Verdiane, ambaye alikuwa karibu kutimiza miaka mitatu.

Verdiane ndiye aliyeanza kubadilika. Miguu yake ilivimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nywele zake zikageuka rangi ya majani makavu. Akaacha kucheza, akaacha kusema, akawa anakaa mlangoni akilia kwa sauti ndogo kama ya mbuzi aliyefungiwa mbali. Libérata akamfunga mgongoni, akatelemka naye hadi dispanseri ya misioni.

Muganga aliitwa Narcisse, kijana mwenye koti jeupe na maneno machache.

"Hii iko bwaki, ugonjwa ya kukosa chakula ya nguvu," alisema, akiwa bado ameshika mguu wa mtoto. "Uko na kuku kwako?"

"Niko nao ine, Papa."

"Mayai yao inaendaka wapi?"

Libérata aliinamia miguu ya mtoto. Narcisse akamtazama, akaelewa, kwa maana naye alizaliwa vilimani.

"Sikiliza, Mama. Yai moja kila siku, asubuhi. Njo dawa yake, sina ingine. Ukikataa, huyu mutoto hatafika Noeli."

Njia nzima ya kurudi Libérata alitembea kati ya hofu mbili. Mbele yake aliona kaburi dogo. Nyuma yake alimsikia Nyirakamana akisema, umemfunga mjukuu wangu ulimi. Alipofika nyumbani hakumwambia mtu.

Kesho yake, mama mkwe alipokwenda kuchota maji, Libérata alipasua yai ndani ya uji uliokuwa ukichemka na kukoroga haraka mpaka lisionekane. Ganda aliliponda, akalifukia chini ya majivu. Verdiane akanywa. Libérata akakaa mbele yake akimtazama mdomo.

"Verdiane," alimwita. "Sema Mama."

Mtoto hakujibu. Ilikuwa wiki mbili sasa hajibu, lakini asubuhi ile Libérata alimwita tena, na tena. Alifikiri: tayari, nimemaliza kazi. Hata hivyo siku ya pili akapasua lingine, kwa sababu aliogopa kaburi kuliko kimya.

Siku ya tisa Verdiane alishika kibakuli kitupu kwa mikono miwili, akasema wazi kabisa, "Tena." Libérata aliweka kichwa chake kwenye magoti ya mtoto, akalia bila kutoa sauti, maana Nyirakamana alikuwa nje akipeta mtama.

Basi mambo yakaendelea hivyo, yai kila asubuhi, mpaka Jumanne moja kapita, msimamizi aliyewekwa na wazungu, alipopanda kilima.

Kapita Mbonigaba hakuwa mtu mbaya kwa maumbile yake, ila aliwaogopa wazungu, na mtu mwenye woga akipewa fimbo huwa hatari. Alisimama uani bila kukaa.

"Bwana wa mashamba anafika leo mangaribi, kuangalia kama watu wamechimba mifereji. Atalala ku nyumba ya wapitaji. Kila nyumba yenye kuku inatoa mayai sita. Kesho asubuhi na mapema napita kuchukua."

Hapana mtu kilimani aliyehitaji kuambiwa kitakachotokea kwa asiyetoa. Msimu uliopita Karangwa, jirani yao, alileta mayai mawili badala ya sita. Alilazwa chini mbele ya wakwe zake, akapigwa fimbo nane, na tangu siku ile hakuwahi tena kumtazama mtu usoni.

"Kwetu hakuna shida," alisema Nyirakamana kwa majivuno. "Kuku watatu wanataga. Leta kikapu, Libérata, Papa kapita ajionee."

Ndani ya kikapu kulikuwa na mayai mawili.

"Mabukwe," alisema, kwa jina la heshima ambalo mkwe humwita mama wa mumewe, "nimeyaweka mbali, yasiharibike. Kesho yatakuwa tayari."

Nyirakamana alimtazama kidogo, kisha akageukia mtama wake. Kapita akaenda nyumba nyingine.

Alfajiri kuku mmoja alikuwa ametaga. Matatu. Libérata alichuchumaa gizani karibu na pembe ya nyumba alipokuwa kuku mweusi, yule wa nne, ambaye kwa siku kumi na moja alikuwa akilalia mayai tisa. Akapenyeza mkono chini ya kifua cha moto. Kuku akamdonoa, akamdonoa tena mpaka damu ikatoka, lakini yeye akatoa matatu. Yalikuwa ya joto. Yai lililolaliwa hung'aa, kwa hiyo akayasugua kwa majivu yenye unyevu, akayachanganya na yale mengine, na kapita alipofika hakutazama hata kidogo. Alihesabu sita, akayatia kwenye kikapu chake kikubwa pamoja na ya wengine, akatelemka.

Hapo ndipo woga wa kweli ulipoanza. Mpaka wakati ule Libérata alikuwa anawaza hesabu tu. Sasa aliona meza yenye kitambaa, aliona kisu, aliona yai likipasuka na kifaranga chenye macho meusi na damu kikianguka kwenye sahani ya mzungu. Wataulizana: yai hili la nani? Watapanda nyumba kwa nyumba, wakitafuta kuku anayelalia. Mwanamke atalazwaje chini? Au watangoja Makuza arudi, wamlaze yeye?

Akamfunga Verdiane mgongoni, akakamata mzigo wa kuni uliokuwa mlangoni, akatoka karibu kukimbia.

Nyumba ya wapitaji ilikuwa kwenye shingo ya kilima, juu ya barabara, imepakwa chokaa. Jiko lake lilikuwa limejengwa pembeni kwa mbao. Mpishi, mtu wa makamo aliyeitwa Nestor, alisafiri na Bwana huyo kila alikokwenda. Libérata alimkuta amesimama mbele ya bakuli, kikapu cha mayai kando yake. Aliweka kuni chini. Nestor akapasua yai la kwanza: zuri. Akachukua la pili.

"Papa, usipasue!"

Nestor alisimamisha mkono. Libérata alipiga magoti kwenye majivu ya jikoni, akaeleza yote kwa mara moja, bwaki, muganga, uji, kuku mweusi, mayai matatu. Alipomaliza alitegemea kofi. Lakini aliona uso wa Nestor umekuwa kijivu kama wake.

"Unataka kuniua miye, Mama?" alinong'ona. "Pale Masisi nilimupatia yai moja ya kunuka, moja tu, akanitupia sahani yote ku uso. Na ile ilikuwa kunuka tu! Wewe unaniletea mwenye macho?"

Alichukua kikapu, akaenda kwenye ukuta wa mashariki. Palikuwa na tundu kati ya mbao mbili, na jua la asubuhi liliingia hapo kama kijiti cha moto. Alizungushia yai vidole vyake, akalishikilia kwenye tundu. Lilipenywa na mwanga, jekundu jepesi, safi. Akaliweka mezani, kulia. La pili, safi. La tatu lilikuwa jeusi katikati, na mishipa midogo kama mizizi. Akaliweka kushoto, juu ya kitambaa.

Yalipofika matatu upande wa kushoto, Libérata alivuta pumzi. Kisha likaja la nne, jeusi. La tano. Alipomaliza kikapu, kushoto kulikuwa na mayai saba.

Walitazamana. "Haukuwa peke yako," alisema Nestor.

Libérata alifikiria nyumba za kilimani moja baada ya nyingine, na wanawake waliopenyeza mikono gizani alfajiri ile. Hakupata muda wa kufikiri zaidi. Viatu vilisikika kwenye changarawe.

Bwana aliingia akiwa na sabuni ya kunyolea kwenye shavu moja, taulo shingoni. Alikuwa mrefu, ilimbidi ainame mlangoni. Alimtazama Libérata, akamtazama mtoto.

"Huyu anataka nini?"

"Ameleta kuni, Bwana."

Macho ya Bwana yalishuka mezani. Akachukua yai moja kutoka upande wa kushoto, akalitikisa karibu na sikio. Nestor alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa vidole vyote.

"Haya mnatenga ya nini?"

"Madogo, Bwana."

Hapo Verdiane, ambaye wiki nyingi hakuwa akisema mbele ya watu, alinyoosha mkono juu ya bega la mama yake kuelekea lile yai, akasema kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti kubwa na ya hasira, kwamba hilo ni lake.

Bwana alikunja uso. "Anasema nini?"

"Anakusalimia, Bwana," alisema Nestor.

Bwana alimtazama mtoto kwa muda mrefu, zile nywele, ile miguu. Alirudisha yai juu ya kitambaa. "Usitupe chakula. Yapike nayo," alisema, akatoka kumalizia kunyoa.

Nestor alikaa chini kwenye gogo, akajifuta uso kwa aproni. Kisha alikunja kitambaa pembe nne pamoja na mayai yake saba, akamtia Libérata mkononi.

"Peleka chini ya kuku yako mbio, bado iko na joto kidogo. Nitamupikia mazuri, hatajua. Na usirudie kamwe. Nenda!"

Libérata alipanda kilima mayai yakiwa kifuani, ndani ya nguo, ameyakumbatia kwa mkono mmoja, hathubutu kukimbia na hathubutu kutembea polepole. Kila mtu aliyemwona njiani, Libérata alidhani ni kapita.

Uani alimkuta Nyirakamana amesimama karibu na kuku mweusi. Mkononi ameshika kipande cha ganda chenye majivu.

"Nilikuwa natafuta kaa la moto," alisema mama mkwe polepole. "Umemulisha mutoto wa mwanangu mayai."

"Njo vile, Mabukwe." Libérata hakushusha macho. "Na kesho nitamulisha tena."

Libérata akachuchumaa, akayapenyeza mayai saba chini ya kuku mweusi. Nyirakamana alitupa ganda chini, akachukua chungu chake, akakipeleka upande wa pili wa nyumba, na tangu siku ile akajipikia peke yake. Akatuma ujumbe Itebero. Mwezi mzima Libérata alilala akingoja jibu la kumrudisha kwao. Jibu lilipofika, msafiri alilisema mbele ya wote wawili: Makuza aliuliza tu kama mtoto yuko hai.

Alikuwa hai. Miguu yake ilikuwa imerudi myembamba, na alisema tangu asubuhi hadi watu wachoke. Nyirakamana alisikia jibu la mwanawe, akaingia ndani. Chungu chake hakukirudisha.

Wiki iliyofuata Vestine, mke wa Karangwa, alipita uani kana kwamba anaazima jembe. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kiume mwenye mashavu yaliyovimba. Alitazama huku na huku kabla ya kusema.

"Dada, ile uji yenye ilimuponyesha Verdiane... unaipikaka namna gani? Nasikia woga."

"Hata miye nasikia woga," alisema Libérata. "Ingia, ufunge mlango. Uji lazima uchemke kwanza."