Baba Mkwe Namba Arobaini

Jumanne, saa mbili asubuhi, Naomi alikuwa wa kwanza kwenye benchi la zahanati kule Ngana. Alivaa kitenge cha kanisani, na kadi yake ya presha aliifunga ndani ya mfuko wa nailoni, maana mvua ya Kyela haipigi hodi.

Alikuwa na miaka sabini na moja na hofu moja tu. Mama yake alikufa akiwa amewasahau watoto wake wote; Naomi aliyemlisha kwa mkono miaka sita aliitwa "mgeni" mpaka siku ya mwisho. Na sasa, tangu Pasaka, Naomi naye ameanza. Mara mbili ameanika kokoa akaisahau ikanyeshewa, na siku moja alisimama katikati ya mpunga asijue amefuata nini. Hakumwambia mtu. Alilia peke yake jikoni, akafuta macho, akapika.

Kwa hiyo aliposikia kwamba mradi wa nchi tisa unatafuta wazee arobaini wa kata ile, wapewe dawa za presha na kuangaliwa miaka mitano ili ugonjwa wa kusahau usiwafikie, alisema hii ndiyo yangu. Dawa za zahanati, kila akienda, zimeisha jana. Ila mradi ulikuwa wa kuzuia, si wa kutibu. Mtu alipimwa kwanza kumbukumbu. Akipata chini ya alama ishirini kati ya thelathini, ameshachelewa, arudi nyumbani. Wazee thelathini na tisa walikuwa wamepatikana tayari.

Nesi wa mradi aliitwa Restituta, Mhaya, mwenye miezi mitatu tu Kyela. Aliwasha kishikwambi chake, akasema, "Mama, nakutajia maneno matatu. Yashike. Baada ya dakika tano nitakuuliza. Jembe. Daraja. Sukari."

"Jembe, daraja, sukari," alisema Naomi.

Akaulizwa siku, akajibu. Akaulizwa mwaka, mwezi na jina la mwenyekiti wa kijiji, akajibu yote, na la mwenyekiti akaongezea na tabia zake. Kishikwambi kilikuwa kinahesabu sekunde kurudi nyuma. Imebaki dakika moja, mtu akakohoa nje.

Naomi alikijua kikohozi kile. Kilikuwa cha baba mkwe wake, baba wa marehemu mume wake, mzee aliyezikwa mwaka wa mafuriko, yapata miaka thelathini na minne sasa. Jina lake tuliache, maana Naomi hakuwahi kulitamka tangu aolewe. Mzee huyo alikuwa na kawaida ya kurudi kila watu wanapoandikishwa. Vyandarua alikuja, kura alikuja, mbolea ya ruzuku alikuja akakosa, akanuna msimu mzima. Safari hii alisikia wanaandikwa wazee.

Akakohoa tena. Mstaarabu yule, tusimsingizie. Alikohoa ili mke wa mwanawe apate nafasi ya kuondoka. Mwanamke wa Kinyakyusa aliyelelewa zamani hakai chini ya dari moja na baba mkwe, hamtazami usoni, na akimwona njiani huchepuka shambani mpaka apite. Kufa hakuvunji ukwe.

Fimbo ikagonga saruji ya baraza, polepole, inakuja.

"Mwanangu, mwambie asubiri," alisema Naomi, jasho linamtoka. "Sekunde thelathini tu."

Kwao Restituta mzee haachwi mlangoni. Aliinuka, akafungua. "Karibu, mzee, ingia ukae."

Chumba kilikuwa na mlango mmoja. Naomi alijifunika kitenge kichwani, akatoka kwa dirisha, akaangukia kwenye magimbi.

Mshiriki akiacha kiti, kishikwambi huuliza sababu: uchovu, hasira, au kutoelewa. Restituta alitafuta sababu ya nne, hakuiona, akabonyeza uchovu. Maswali yaliyobaki yakajazwa sifuri. Alama kumi na sita.

"Jembe!" Naomi alipiga kelele kutoka kwenye magimbi. "Daraja! Sukari! Andika, mwanangu!"

Kishikwambi kilikuwa kimeshafunga.

Akapimwa mzee. Marehemu hawasahau kitu. Alipata thelathini kwa thelathini, akataja na mvua zote tangu Mjerumani. Presha yake ilikuwa sifuri kwa sifuri, kishikwambi kikaandika: imedhibitiwa. Akapewa namba arobaini.

"Mwambieni yule mama aje kesho," alisema akiaga. "Mimi nimemaliza."

Restituta alimpigia simu Daktari Humphrey, mratibu wa mradi. "Daktari, tumpime upya yule mama. Ana akili kutuzidi sisi. Alitoka kwa sababu ya mkwe."

"Kipimo ni kimoja kwa nchi zote tisa, Restituta. Tukimrudia wa Kyela, wa kwingine watasemaje?"

"Lakini huyu mzee wa arobaini ni marehemu."

"Ana umri gani?"

"Mia na kumi na mbili."

"Safi sana. Wa zaidi ya tisini tulikuwa na upungufu."

Ijumaa maprofesa wa nchi tisa walikutana kwenye skrini, wakaijadili habari ya Naomi kwa huruma ya kweli. Mmoja alisema mila hiyo inastahili makala yake peke yake. Orodha ikafungwa.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi mzee alichukua dawa zake. Siku moja alimsukumia Restituta kopo mezani. "Mpelekee yule mama." Lakini mradi unahesabu vidonge, na Restituta angepoteza kazi. Alimrudishia kopo huku machozi yanamtoka.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Aprili, Naomi alikuwa anatoka kisimani, Restituta anamfuata nyuma na ndoo ya pili, wakakutana na mzee kwenye njia nyembamba ya katikati ya kokoa. Mzee alikohoa. Naomi hakuchepuka. Mzee akakohoa tena, kwa nguvu. Naomi akaja kichwa wazi, akasimama mbele yake, akamtazama usoni, akampa mkono.

"Ugonile, Asajile," alimsalimu, akilitamka jina la mkwe wake. "Wewe ni mgeni hapa?"

Mzee akachepuka yeye. Aliingia kwenye kokoa na fimbo yake, akageuza uso, akasubiri mpaka Naomi apite. Naomi akaenda zake na ndoo yake, akisema polepole, jembe, daraja, sukari.

Jumatatu iliyofuata mzee alipimwa tena, akapata thelathini.